Kuku wanne na vyungu viwili: nilivyojifunza kupika pasta ya krimu

Chungu cha kwanza cha umeme, vile vya kupika polepole kwa saa nyingi, kilidumu dakika 20. Nilikuwa nimemwambia binti yangu asubiri kwa saa sita, akaenda zake barazani na daftari la hesabu. Hajafika swali la tatu akarudi jikoni, pua juu: "Baba, hiyo pasta mbona inanuka plastiki?"

Nianze nyuma kidogo. Mwaka jana mke wangu alikwenda Morogoro kusoma, miezi tisa. Kimara, Dar es Salaam, tukabaki watatu: mimi, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka sita. Dada wa kazi aliondoka mwezi huohuo, akaenda kuolewa kwao Singida, na sikuwa na uso wa kumwambia asubiri. Kazini kwangu ni Posta, katikati ya jiji. Natoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri niwahi mwendokasi kabla kituo hakijawa cha kusukumana, narudi saa moja na nusu usiku. Kupika najua, msinidharau: ugali, wali, maharage, dagaa, mayai ya kila namna. Tulikula hivyo kwa zamu wiki sita, mpaka yule mdogo akawa anajua leo ni siku gani kwa kutazama sahani.

Ndipo binti akaalikwa sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake wa shule, huko Mbezi Beach. Alirudi na habari moja tu, makaroni meupe ya kuku. "Mchuzi wake mzito kama uji wa maziwa, baba, lakini wa chumvi." Akasema mama wa mwenye sherehe aliweka kila kitu asubuhi kwenye chungu cha umeme, akaenda zake saluni, akarudi chakula kimeiva. Sentensi hiyo ndiyo iliyoniponza. Mtu anayeondoka alfajiri na kurudi usiku akiambiwa kuna chungu kinachopika chenyewe, haulizi swali la pili.

Na chungu kilikuwepo! Shemeji yangu anayeishi Marekani alituletea zawadi alipokuja likizo, kikakaa juu ya kabati miaka miwili. Nilipokishusha nikaona plagi yake ni ya miguu miwili bapa, nikaenda kununua adapta ya elfu tatu, nikachomeka. Chini ya chungu kulikuwa na kibandiko kimeandikwa 120V. Umeme wetu ni volti 230. Adapta hubadilisha miguu ya plagi basi, umeme unaopita ni uleule. Na usidhani volti zikikaribia mara mbili joto nalo litakuwa mara mbili. Kwa kifaa cha waya wa moto kama hiki linakaribia mara nne. Fundi wa mtaani kwetu alikifungua, akachungulia, akakifunga. "Kaka, hiki umekichinja." Akaniambia ningehitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati za chungu. Kuku wa kwanza akaenda jalalani akinuka waya ulioungua. Somo la vitu vya ndugu walio nje ni kugeuza kifaa na kusoma kibandiko kabla hujamshukuru mtu.

Cha pili nilikinunua Ilala kwenye maduka ya vyombo vya mtumba vinavyoshuka na makontena ya Uingereza. Huko umeme ni kama wetu na plagi ni hizihizi za miguu mitatu. Lita tatu na nusu, bakuli zito la kauri, kifuniko cha kioo, kitufe chenye moto mdogo, moto mkubwa na kuzima. Muuzaji alianzia elfu 90, tukaachana kwenye elfu 70. Nilimwomba akichomeke palepale dukani, na nikakaa robo saa mpaka nilipohisi ukuta wa bakuli unapata uvuguvugu. Alinuna. Mwache anune.

Jumapili hiyo nikapika kama nilivyosimuliwa: kila kitu kwa pamoja. Kuku wa kisasa mzima niliyemkatakata, ametoka kwenye friza akiwa jiwe. Pakiti ya makaroni. Boksi la krimu la mililita 250, ambalo supamaketi waliniuzia elfu tisa. Maji vikombe vinne, maana niliona kama pakavu. Moto mdogo, saa nane.

Krimu ilivumilia. Makaroni hayakuvumilia. Nilipofunua nilikuta kitu kimoja, cheupe, kisicho na mwanzo wala mwisho, mifupa ya kuku imejitokeza kama vijiti kwenye tope. Yule mdogo alichota kijiko akakigeuza, hakikudondoka. "Baba, huu uji tunatia sukari?"

Siku ile kulikuwa na makosa matatu ndani ya chungu kimoja, nami niliona moja. Makaroni huiva kwa dakika kumi hivi, sasa saa nane yanatafuta nini? Hilo lilikuwa wazi. La maji nililielewa baadaye: chungu hiki hakikaushi. Mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unarudi chini, na kuku naye anatoa maji yake. Kikombe kimoja cha supu kinatosha. La tatu, la kuku aliyeganda, sikuliona kabisa kwa kuwa siku hiyo halikunidhuru. Chungu cha moto mdogo huchukua muda mrefu kupata joto, na nyama iliyoganda huzidisha muda huo. Vijidudu vya kwenye nyama vinastawi kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi, na kuku anatakiwa afike nyuzi 74 katikati ya nyama. Jiwe la barafu ndani ya bakuli la kauri linaweza kukaa katika joto hilo la hatari saa kadhaa. Kuku ayeyukie kwenye friji usiku kucha, kisha ndiyo aingie chunguni.

Somo hilo la vijidudu nililipata kwa njia mbaya zaidi wiki mbili baadaye.

Ilikuwa tarehe mosi ya mwezi, siku ya kazi. Alfajiri nilinunua umeme wa elfu mbili, nikajua nimepata uniti tano na ushee, zitanifikisha. Nikasahau kwamba manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kodi ya jengo, 1,500. Kilichobaki ni uniti moja na kidogo, na friji iko hapohapo inakula. Nikaweka kuku, nikawasha, nikaondoka nikijiona mjanja wa mji mzima.

Nilirudi usiku nyumba giza. Watoto walikuwa kwa jirani. Nikagusa chungu: vuguvugu. Nikafunua, harufu nzuri, nyama nyeupe, inaachia mfupa. Luku iliisha saa ngapi? Hakuna aliyejua. Kuku ni pesa, jamani, na mimi nimelelewa kwa kuambiwa chakula hakitupwi. Nikanunua umeme, nikachemsha kila kitu upya mpaka kikatokota. Watoto niliwakaangia mayai, hapo angalau akili ilinijia. Mimi nikala.

Saa nane usiku nilianza safari za chooni. Sikwenda kazini siku mbili. Daktari wa zahanati aliniuliza nilikula nini, nikamweleza kwa majivuno kwamba nilichemsha. Akatikisa kichwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini wapo wanaoacha sumu kwenye chakula kilichokaa vuguvugu, na baadhi ya sumu hizo moto wa jikoni hauzigusi. Harufu na ladha hazikwambii chochote. Tangu siku ile nina sheria moja isiyo na rufaa: umeme ukikatika sipo nyumbani na sijui ulikatika muda gani, chakula kinatupwa, hata kionekane kimeiva namna gani.

Hapa kuna mtego mwingine. Chungu chenye kitufe cha kuzungusha, kama changu, umeme ukirudi kinawaka chenyewe. Ukifika nyumbani unakikuta kinatoa mvuke kwa furaha, kumbe katikati ya siku kilizima kwa saa tatu. Dawa yangu ni saa ndogo ya umeme ya namba, isiyo na betri, iliyochomekwa pembeni ya chungu. Nikirudi nikaikuta inapepesa au inaonyesha saa za ajabu, najua. Niliipata kwa elfu nane na imeniokoa mara mbili.

Mwenzangu wa kazini alinishauri ninunue swichi ya kutegesha muda, iwashe chungu saa sita mchana, maana siku yangu ina saa 14 na mapishi ya chungu hayazidi nane. Wazo zuri kwa nchi ya baridi. Kwangu, kuku mbichi akae saa sita kwenye jiko lililofungwa madirisha, Dar es Salaam, mwezi wa Februari? Nilimshukuru, nikanyamaza.

Jaribio la nne lilifanywa na mtu aliyejiona amehitimu. Makaroni nitachemsha pembeni. Krimu ni ghali, nitatumia maziwa fresh. Mifupa inasumbua watoto, nitanunua vidari visivyo na mfupa. Nikaosha kuku kwa ndimu kama tunavyoosha siku zote, nikamwaga maziwa nusu lita, moto mdogo, saa saba, Jumamosi, nikiwa nyumbani, luku imejaa. Kilichotoka: maji ya kijivu yenye punje nyeupe kama mtindi uliovurugwa, na ndani yake nyama iliyochambuka nyuzinyuzi, kavu, unatafuna mpaka taya linauma. Kidari hakina mafuta. Saa tatu na nusu kwa moto mdogo zinakitosha, saa saba ni kukitesa.

Wakati nimesimama nikitazama maajabu hayo, mama mkwe akabisha hodi. Alikuwa amefika kutoka Tanga kuwaona wajukuu. Nikamwamkia, nikampokea mkoba, nikajaribu kusimama mbele ya chungu kama mtoto aliyevunja kikombe. Haikusaidia kitu, alikuwa ameshasikia harufu.

"Mwanangu, unapika nini?"

"Pasta ya krimu, mama. Maziwa yamekatika."

Akachungulia. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Ulitia lini maziwa?"

"Mwanzoni. Saa mbili asubuhi."

"Na ndimu ulimwosha?"

"Ndiyo, mama."

Akakaa kwenye kigoda. "Kuku wa nazi unatia tui gani kwanza?"

Nikajibu bila kufikiri, kwa sababu hilo nalijua tangu utoto: tui jepesi ndilo linapikia, tui zito linakuja mwisho, na likishaingia unakoroga taratibu na hufuniki likatokota, la sivyo linakatika.

"Sasa hayo maziwa ni tui gani?"

Nilikaa chini. Mwezi mzima nilikuwa nakihesabu chungu hiki kama kitu cha kigeni chenye sheria zake za kigeni. Kumbe supu ni tui jepesi, krimu ni tui zito. Maziwa hukatika kwa sababu protini yake hushikamana ikipata joto la muda mrefu, na tindikali ya ndimu au nyanya huharakisha. Krimu nzito, ile yenye mafuta asilimia 35 hivi, inahimili zaidi kwa kuwa ina mafuta mengi na protini kidogo. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta asilimia tatu na nusu hivi, hayana cha kujikinga.

Usiku ule mama alinisimulia bokoboko la kwao, ngano na nyama juu ya makaa machache tangu jioni mpaka alfajiri, sufuria imepaliwa moto juu ya kifuniko. Nikaja kusoma kwamba aliyebuni chungu hiki, Irving Naxon wa Chicago, alipata hati ya ubunifu mwaka 1940, na wazo lilitokana na hadithi za upande wa mama yake kule Lithuania: Wayahudi walikuwa wakipeleka chungu cha maharage na nyama kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa kabla ya Sabato, kinaiva kwa joto linalobaki. Mwaka 1971 kikauzwa kwa jina la Crock-Pot na kikaenea. Nilimwambia mama. Akasema, "Basi huyo bibi angetuelewa."

Tulipika pamoja kesho yake. Tuliacha kuku wa kisasa, tukaenda soko la Shekilango, mama akachagua kuku wa mayai aliyechoka kutaga, kwa kumshika kifua na kumtikisa. Mimi ningemwita mzee. Yeye alisema mzee ndiye anayetaka moto mdogo. Na kweli: nyama ngumu yenye mishipa ndiyo inayolainika kwa saa nyingi, na supu yake ina ladha ambayo kuku wa wiki tano hana. Ukikosa huyo, mapaja ya kuku wa kisasa ni sawa kabisa, saa tano kwa moto mdogo. Vidari waachie wenye haraka.

Alioshwa kwa chumvi na maji, ndimu ikabaki ya kunyunyiza sahanini. Vitunguu maji viwili na punje tano za saumu vilikaangwa kwenye kikaango kwa siagi mpaka vikawa rangi ya dhahabu, vipande vya kuku vikapitishwa humohumo vipate rangi. Hatua hii wavivu huiruka, nami niliiruka mara tatu. Bila hiyo mchuzi unakuwa mweupe wa kusikitisha na kitunguu kinabaki na ukali wa ubichi. Kikombe kimoja cha supu ya moto, pilipili manga, chumvi kidogo. Chungu kikajaa kama theluthi mbili, ndipo kinapofanya kazi vizuri. Moto mdogo, saa saba kwa yule mzee wetu.

Binti alifunua mara mbili kuangalia. Kila ukifunua, joto linakimbia, na chungu kinahitaji dakika 20 mpaka 30 kulirudisha. Mara ya pili bibi yake alimtuma dukani kununua kiberiti, tulikuwa nacho.

Saa saba zilipotimia tulitoa mifupa, tukarudisha nyama, tukaweka moto mkubwa. Sikuwa na elfu tisa nyingine ya krimu, kwa hiyo tulitumia kikombe cha maziwa fresh yaliyopashwa moto, yamekorogwa na vijiko viwili vya konflawa, tukamimina kidogo kidogo huku tukikoroga. Konflawa inayafanya mazito na inayasaidia yasikatike. Kipande cha siagi, kiganja cha jibini iliyokunwa. Dakika 20. Makaroni, nusu pakiti, yalichemshwa pembeni kwenye maji ya chumvi, yakaepuliwa dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, yakamalizikia ndani ya mchuzi dakika tano tu.

Yule mdogo alikula sahani mbili, hakusema neno.

Umeme wenyewe haukuwa wa kutisha. Chungu changu kwa moto mdogo ni wati 200 hivi. Saa saba ni chini ya uniti moja na nusu, kama shilingi 500. Kinachokula pesa ni kuku unaowatupa. Nikijumlisha wale wanne, adapta, zahanati na zile krimu za mwanzo, ningeweza kuwapeleka watoto wakala pasta hotelini mara kadhaa na tukarudi na bajaji.

Kwa siku za kazi niliacha kabisa ile ndoto ya kuwasha alfajiri. Napika Jumapili, nipo nyumbani. Naishia kwenye hatua ya kuku na supu, sitii maziwa wala makaroni. Nagawa kwenye makopo mapana na mafupi yapoe haraka, maana bakuli la kauri linashika joto na ukiliingiza friji lilivyo, chakula cha katikati kinakaa vuguvugu saa nyingi. Kopo moja la kesho friji, mengine friza. Jumanne usiku nachemsha makaroni, napasha kuku mpaka atokote, natia maziwa na konflawa, dakika 20 tunakula. Chungu kimekuwa cha Jumapili, kama nguo ya kanisani.

Kwa wanaotaka kupikia maharage mekundu humo, ombi: yachemsheni kwanza kwenye sufuria, moto wa kutokota, nusu saa, mmwage yale maji. Maharage mabichi yana sumu inayohitaji kuchemka kweli, na chungu hiki kwa moto mdogo kinaweza kisifike huko. Watu wanaugua, wanalaumu nyama.

Jumapili iliyopita mke wangu alikuwa likizo. Nilimpikia, akala, akaniuliza mara mbili kama ni mimi au ni mama yake aliyepiga simu kunielekeza. Nikainuka kwa madaha kuosha vyombo, nikaweka bakuli la kauri likiwa bado la moto kwenye sinki, nikafungulia maji ya baridi. Lilitoa sauti moja kavu, tik, likapasuka kutoka mdomoni mpaka chini.

Nimeacha namba kwa yule muuzaji wa Ilala. Anasema nisubiri kontena lijalo, na safari hii haanzii elfu 90.